Jina la seva limegoma: kabla hujaifuta AlmaLinux yako

Swali, kwa ufupi: Msomaji wa Mbale, Uganda, amekodi seva ndogo yenye AlmaLinux 9 (aina ya mfumo wa Linux) ili aweke tovuti za shule tatu na SACCO moja. Kisakinishi cha cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, kinakataa kuendelea, kinadai jina la seva si jina kamili, yaani halina domeni ndani yake. Aliandika hostnamectl set-hostname, jina likaingia, lakini seva ilipowashwa upya likarudi lile la zamani. Siku moja kisakinishi kilikubali, kisha kikakwama kwenye kupakua mafaili. Rafiki mmoja kamwambia aliweke jina kwenye mstari wa 127.0.0.1, mwingine kamwambia afute mfumo mzima aanze upya. Anauliza amsikilize nani.

Jibu: Ndugu, wote wawili wamekupa dawa kabla ya kukupima. Anza na amri hii:

ls /usr/local/cpanel

Ukijibiwa kwamba saraka hiyo haipo, basi hakuna kilichoingia kwenye seva na hakuna cha kufuta. Kisakinishi kikigomea jina, huwa kimegoma mlangoni. Lakini ukikuta saraka imejaa mafaili, siku ile kilipokwama kiliacha kazi nusu, na hapo rafiki yako wa pili ana haki kidogo. cPanel haina amri ya kuiondoa ikishaingia, kwa hiyo kwenye seva tupu isiyo na data ni nafuu kuiweka AlmaLinux upya kuliko kuparaza mabaki. Ila ukifuta bila kurekebisha kinachorudisha jina la zamani, utakutana nalo tena dakika ya kwanza, kwa sababu linatoka nje ya seva. Tutafika huko.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hiki tunachokiita "jina la seva" kinajibiwa na sehemu nne zisizojuana. Kerneli, kiini cha Linux, ina jawabu lake. Faili la /etc/hosts lina lake. DNS ya domeni yako (orodha inayogeuza majina kuwa IP), ile inayosomwa na dunia nzima, ina lake. Na aliyekupa anwani ya IP ana lake, la kinyumenyume, kutoka IP kurudi kwenye jina. Halafu kuna jambo la tano ambalo halihusu jina lako hata kidogo: je, seva yenyewe inaweza kutafuta majina ya wengine? Kugoma kwako kwa mara ya kwanza ni suala la sehemu mbili za mwanzo. Kukwama kwenye kupakua ni hilo la tano. Hayo ni magonjwa mawili, na ukiyatibu kwa mpigo hutajua lipi limepona.

Tuanze na jina lenyewe. Liwe na sehemu nne au zaidi kwa domeni yako ya .co.ug, kwa mfano seva1.mfano.co.ug (badala ya mfano weka domeni yako). Usiipe seva jina la domeni tupu, mfano.co.ug. Siku utakapotaka kufungua akaunti ya domeni hiyo ndani ya paneli utakataliwa, kwa kuwa seva tayari imejiita hivyo, na barua pepe za domeni zitachanganyikana na zile za mfumo. Epuka pia www, mail, cpanel, whm na webmail mwanzoni mwa jina, kwani paneli huyatumia yenyewe. Herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu ndivyo vinavyoruhusiwa, na kistari kisianze wala kisimalize sehemu ya jina. Kistari cha chini, kama seva_1, hakikubaliki. Linux inapokea jina lisilozidi herufi 64, kwa hiyo usiandike jina la SACCO kwa kirefu chake chote.

Sasa tafuta IP ambayo seva inaitumia kutokea nje:

ip route get 1.1.1.1

Namba inayofuata baada ya neno src ndiyo hiyo. Hapa nitatumia 203.0.113.25, anwani iliyotengwa kwa mifano. Ikiwa yako inaanza na 10, au 192.168, au iko kati ya 172.16 na 172.31, seva imekaa nyuma ya NAT, yaani ina IP ya ndani inayobadilishwa kuwa ya nje njiani. Kwa seva ya kukodi hilo si tatizo mradi kila IP ya ndani ina IP yake moja ya nje. Kwa seva iliyowekwa ofisini nyuma ya rauta ya intaneti ya simu, ukikuta rauta yenyewe imepewa IP ya nje kati ya 100.64 na 100.127, acha kabisa mpango wa paneli mpaka upate IP ya umma. IP ya namna hiyo mnagawana na wateja wengine wengi, na hakuna atakayeweza kuifikia seva kutoka nje hata jina likae vizuri namna gani.

Weka jina:

hostnamectl set-hostname seva1.mfano.co.ug

Kisha fungua /etc/hosts uhakikishe lina mistari hii mitatu:

127.0.0.1 localhost localhost.localdomain
::1 localhost localhost.localdomain
203.0.113.25 seva1.mfano.co.ug seva1

Mpangilio wa mstari wa tatu ndio unaoangusha wengi. Jina refu ni lazima litangulie, fupi lifuate. Amri ya hostname bila kitu kingine inasoma kerneli tu. Lakini hostname -f haisomi kerneli peke yake: inachukua jina la kerneli, inaenda kulitafuta kama jina lingine lolote, kisha inakurudishia jina la kwanza lililo kwenye mstari uliopatikana. Ukiandika "203.0.113.25 seva1 seva1.mfano.co.ug", kerneli inaweza kuwa na jina kamili safi kabisa na bado hostname -f ikajibu seva1. Kisakinishi kikiona neno lisilo na nukta, kinagoma. Ndiyo maana mtu huapa kwamba jina ameliweka, na kweli ameliweka, lakini anaambiwa halipo.

Ushauri wa kuweka jina kwenye mstari wa 127.0.0.1 unafaulu kwa ubaya. hostname -f itajibu vizuri, na kisakinishi huenda kikapita. Baadaye programu za ndani zinapouliza "seva1.mfano.co.ug iko wapi?" zitajibiwa "humu humu", na huduma zinazotakiwa kusikiliza kwenye IP ya umma zitajifungia ndani. Tatizo linahamia kwenye barua pepe na vyeti vya usalama (SSL), ambako ni vigumu zaidi kulitambua. Debian na Ubuntu zina desturi yao ya 127.0.1.1, ambayo kwa kompyuta ya mezani haina neno. Kwa seva ya paneli ibadilishe iwe IP halisi. Ule mstari wa localhost wenyewe usiuguse, kuna hifadhidata na programu nyingi zinazouhitaji.

Kupima usitumie ping. AlmaLinux 9 mara nyingi huwa na neno myhostname mwishoni mwa mstari wa hosts ndani ya /etc/nsswitch.conf, na kazi yake ni kulijibia jina la seva hata kama halijaandikwa popote. Ping itakupa jibu, utafurahi, kumbe faili ni tupu. Uliza kila sehemu peke yake:

getent -s files hosts seva1.mfano.co.ug
getent -s dns hosts seva1.mfano.co.ug

Ya kwanza inasoma /etc/hosts pekee, ya pili inauliza DNS pekee. Ya kwanza ikitoa 203.0.113.25 na jina refu likitangulia, sehemu hiyo imekaa sawa. Ikinyamaza na wewe unauona mstari kwa macho yako, andika cat -A /etc/hosts. Amri zinazonakiliwa kutoka WhatsApp au Word huja na nafasi isiyo nafasi ya kawaida, ambayo cat -A huionyesha kama M-BM- katikati ya mstari. Futa mstari wote, uuandike upya kwa vidole, usibandike.

Sasa kwa nini jina linarudi. Seva nyingi za kukodi zina programu iitwayo cloud-init, inayoamka kila seva inapowashwa na kuiwekea seva mambo ambayo mwenye mtambo (kampuni inayokukodisha) amepanga, jina likiwemo. Unabadilisha mchana, seva inawashwa upya usiku, nayo cloud-init inarudisha lile la zamani. Ukiangalia vichwa vya /etc/hosts kwenye seva hizo mara nyingi utakuta maandishi yanayoonya kuhusu manage_etc_hosts. Hilo si pambo, lisome. Tafuta:

grep -rn -e preserve_hostname -e manage_etc_hosts /etc/cloud/

Kisha tengeneza faili /etc/cloud/cloud.cfg.d/99-jina.cfg lenye mistari miwili:

preserve_hostname: true
manage_etc_hosts: false

Rudia hostnamectl na marekebisho ya /etc/hosts, washa seva upya, halafu angalia tena kwa hostname -f. Usiruke kuwasha upya, maana ndicho kipimo pekee cha hatua hii. Ikiwa jina la zamani limerudi tena, maagizo yanatoka kwa mwenye mtambo kupitia user-data (mipangilio ambayo seva hupewa kutoka nje), na hayo yana nguvu kuliko faili lako. Yaone kwa cloud-init query userdata. Hapo una njia mbili: ubadilishe jina kwenye ukurasa wa kampuni uliyokodi seva kwao, au, kama kinachorudi ni /etc/hosts tu, uhariri kiolezo /etc/cloud/templates/hosts.redhat.tmpl (kwa Debian na Ubuntu ni hosts.debian.tmpl). Mimi ningeanza na ukurasa wa kampuni. Na kama umeamua kuweka AlmaLinux upya, badilisha jina hapo kwanza, ndipo ufute.

Twende kwenye kukwama wakati wa kupakua. Kisakinishi cha cPanel kinavuta mafaili kutoka httpupdate.cpanel.net. Pima hivi:

time getent ahosts httpupdate.cpanel.net

Jibu likija kwa sehemu ya sekunde, DNS ni nzima. Likija baada ya sekunde 5 na ushei, angalia mstari wa kwanza wa nameserver ndani ya /etc/resolv.conf: huyo amekufa. Linux humsubiri kila seva ya majina sekunde 5 kabla ya kumhamia anayefuata, na haimkumbuki kwamba jana pia hakujibu. Utafutaji mmoja wa sekunde 5 huuoni. Kisakinishi kinachotafuta majina mamia ya mara kinaonekana kimelala, na wengine wanakikatisha kikiwa njiani. Linux inasoma mistari mitatu tu ya nameserver, kwa hiyo kuongeza wa nne na wa tano ni kujaza karatasi.

Usihariri /etc/resolv.conf moja kwa moja kwenye AlmaLinux 9, kwa kuwa NetworkManager ndiye mwandishi wake na atakufutia. Tumia:

nmcli con show

upate jina la muunganisho, tuseme "System eth0", kisha:

nmcli con mod "System eth0" ipv4.ignore-auto-dns yes ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8"
nmcli con up "System eth0"

Utakutana na watu wanaokushauri ulifunge faili kwa chattr +i lisibadilike. Linafanya kazi, lakini miezi sita baadaye mtu mwingine atabadilisha mpangilio wa mtandao, atashangaa hakuna kinachobadilika, na wewe utakuwa umeshasahau. Nmcli inatosha.

Ikiwa getent inajibu haraka lakini kupakua bado kunaganda, shuku IPv6. Seva inapata jibu la IPv6, inajaribu kupitia huko, njia haipo. Linganisha:

curl -4 -I https://httpupdate.cpanel.net/
curl -6 -I https://httpupdate.cpanel.net/

Ya kwanza ikijibu hata kwa ujumbe wa makosa na ya pili ikining'inia, kwenye /etc/gai.conf weka mstari precedence ::ffff:0:0/96 100 ili IPv4 itangulizwe, au uiombe kampuni ikupe IPv6 inayofanya kazi kweli.

Mtego mwingine ni mstari wa search ndani ya resolv.conf. Ukiwa na search mfano.co.ug, na kwenye DNS ya domeni kuna rekodi ya nyota inayojibu kila jina, basi kila utafutaji unaoambiwa "jina halipo" unarudiwa ukiwa umebandikwa domeni yako mkiani, na nyota inajibu kwa IP yako. Kisakinishi kinakwenda kupakua kutoka kwenye seva ile ile kinayoisakinisha! Ukiona getent inarudisha IP yako kwa jina la mtu mwingine, ondoa search au iondoe nyota.

Na saa. Seva ya ofisini ambayo betri yake ya ubao imekufa, umeme ukikatika huamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Vyeti vyote vinaonekana batili, na ujumbe unaotoka unaweza kufanana kabisa na tatizo la mtandao. Andika date. Ikiwa imekosea, iweke kwa mkono kwanza, kisha timedatectl set-timezone Africa/Kampala, kisha uiachie kazi chrony, programu ya kusawazisha saa.

Kuhusu DNS ya nje: kosa la kawaida ni la kuku na yai. Mtu anasajili mfano.co.ug, anaandika kwamba seva zake za majina ni ns1.mfano.co.ug na ns2.mfano.co.ug, zote mbili zikielekea kwenye seva hii ambayo haijasakinishwa bado. Dunia ikiuliza seva1.mfano.co.ug iko wapi, inaelekezwa kwenye mlango usio na mtu. Kwa muda, rudisha domeni kwenye seva za majina za wakala aliyekuuzia, weka hapo rekodi ya A (inayounganisha jina na IP) ya seva1 yenye IP yako na TTL, yaani muda wa kukumbukwa, ya sekunde 300, na ns1 na ns2 uzihamishe baada ya paneli kukaa sawa. Kagua kwa mwenye rekodi mwenyewe, si kwa kache ya mtu:

dig NS mfano.co.ug +short
dig @jina-la-kwanza-ulilopewa seva1.mfano.co.ug A +norecurse

Usianze kuiuliza 8.8.8.8 kabla hujaiweka rekodi. Jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa, kwa muda uliopangwa kwenye rekodi ya SOA ya domeni, na unaweza kukaa saa nzima ukiamini umekosea wakati rekodi iko sahihi. Kumbuka pia kwamba dig haisomi /etc/hosts wala nsswitch.conf. dig na getent zikitofautiana, zote mbili zinasema kweli, kila moja imeulizwa mahali pake. Kwenye AlmaLinux dig iko ndani ya kifurushi cha bind-utils. Kama DNS imekufa kabisa huwezi kukivuta, ndiyo maana nimekupitisha kwanza kwenye getent ambayo tayari unayo.

Hostname -f ikijibu jina refu baada ya kuwasha upya, getent -s files na -s dns zikitoa IP moja (nyuma ya NAT ya files itakuwa IP ya ndani na ya dns ya nje, hivyo ndivyo inavyotakiwa), na httpupdate.cpanel.net ikipatikana mara moja, anza. Fungua tmux kwanza:

dnf -y install tmux
tmux new -s paneli
cd /home && curl -o latest -L https://securedownloads.cpanel.net/latest && sh latest

Kazi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Ndani ya tmux, umeme ukikatika Mbale au bando likiisha, seva inaendelea huko iliko. Ukirudi unaandika tmux attach -t paneli. Bila tmux, SSH (muunganisho wako na seva) ikikatika kisakinishi nacho hukatika, na utakuwa na saraka ile ya nusu kazi tuliyoanza nayo. Kinachoendelea kinaandikwa kwenye /var/log/cpanel-install.log.

Ukimaliza na kuona seva imejipa jina linaloishia na cprapid.com, usidhani umevamiwa. Hilo ni jina la muda ambalo cPanel hulitoa yenyewe pale jina lako lisipopatikana kwenye DNS. Rekodi ya A ikishaonekana, badilisha kwa:

whmapi1 sethostname hostname=seva1.mfano.co.ug
/usr/local/cpanel/bin/checkallsslcerts

Amri ya pili inaomba cheti cha jina jipya, ili poti 2087 (ukurasa wa msimamizi wa cPanel) ikome kukuonyesha onyo la kivinjari. Wanaotumia paneli nyingine, HestiaCP, kwenye Debian au Ubuntu wanatoa jina tangu mwanzo kwa --hostname wanapoita hst-install.sh, na kulibadilisha baadaye ni v-change-sys-hostname, kisha v-add-letsencrypt-host kwa cheti. Hapo Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti, inakagua kutoka nje, na ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lile lile unafungiwa kwa muda, basi hakikisha rekodi ya A kwanza, usibahatishe.

Limebaki jina la kinyume. Halizuii kusakinisha, kwa hiyo usilisubiri, ila liombe siku hiyo hiyo kwa kuwa si wewe unayeweza kuliweka. Rekodi yake, PTR, iko mikononi mwa aliyekupa IP, si kwa wakala wa .co.ug, na kumwandikia wakala ni kupoteza siku. Baadhi ya kampuni zina kisanduku chake kwenye ukurasa wa seva. Nyingine zinataka barua. Ujumbe wa mstari mmoja unatosha: "Tafadhali wekeni PTR ya 203.0.113.25 iwe seva1.mfano.co.ug." Kisha angalia:

dig -x 203.0.113.25 +short

Mpaka amri hiyo irudishe jina lile lile ulilolitia kwenye hostnamectl, ripoti za wanafunzi zitakazotumwa kutoka seva yako kwenda Gmail zinaweza kuishia kwenye taka au kurudishwa.